Wakalishwa wa Nchi ya Vilevile

Nchi ya Vilevile haina geti wala bendera. Mtu anajikuta yumo tu. Mimi nilijikuta nimo nikiwa safarini kwenda Mavumoni, ambako usharika mmoja uliniita nikalee watoto yatima. Mume wangu Eliamini alikuwa amefariki. Nyumba tuliyoishi ilikuwa ya shamba la mkonge alikofanya kazi ya ufundi wa mitambo, na fundi mwingine alishapewa funguo. Mavumoni sikumjua mtu, na tangu nizaliwe sijawahi kuajiriwa. Nilibeba mfuko wa nguo zangu, koti la marehemu, na hofu ambayo sikumwambia mtu yeyote, maana mjane wa kanisani akitetemeka watu wanaona kama amewaangusha.

Namna nilivyofika huko haina faida kwa msomaji. Naandika niliyoyaona.

La kwanza ni jua. Katika nchi ile ni alasiri, na alasiri hiyo haishuki. Nuru yake ni ya njano iliyochoka, kama ya taa yenye mafuta machache. Vivuli vya nyumba vimelala chini mahali pamoja, na watu wamevizungushia mstari wa chokaa ili kivuli kikijaribu kusogea kionekane. Niliona mzee amechuchumaa anakikagua kivuli cha ukuta wake kwa kidole, anatikisa kichwa, anaridhika, anaingia ndani.

Mwanamke wa rika langu alikuwa amesimama njiani na ndoo kichwani. Nikamsalimia kama tunavyosalimiana kwetu.

"Bwana asifiwe, dada."

Akatazama kulia na kushoto. "Amina," akasema kwa kunong'ona. "Ila usiseme kwa sauti, mwenzangu. Hapa tunaulizana, kuna jipya? Na wewe unajibu, hakuna."

"Na kama lipo?"

"Unajibu hakuna."

Jina lake lilikuwa Bi Tuli. Aliniona nimechoka akanikaribisha kwake, nami nikamfuata. Tulipoingia, mezani alikuwa ameketi mwanamume mwenye kofia, mikono juu ya meza. Nikamwamkia, "Habari za hapa, shemeji?" Hakujibu. Nikadhani ana kiburi.

"Huyo ni baba watoto," Bi Tuli akasema huku akitua ndoo. "Alikaa."

"Naona amekaa."

"Hapana, dada. Alikaa. Aliacha kupumua, basi tukamkalisha."

Nikasogea. Uso ulikuwa wa kitambaa kilichoshonwa vizuri sana, macho ni mbegu nyeusi, na kwenye mkono wa shati zilichomoza nyasi kavu. Bi Tuli akapakua uji, akampelekea kijiko mdomoni, akaupangusa uji uliomwagika kidevuni kwa upole kabisa.

"Anakula?" nikauliza.

"Sheria inasema anakula."

"Na huo uji unaenda wapi?"

"Kuku wanafurahi," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Kila nyumba niliyoitazama kupitia dirishani ilikuwa na mkalishwa wake. Nyingine walikuwa watatu, wanne, wameizunguka meza. Nchi ile haina makaburi. Niliuliza, nikaelezwa kwamba kaburi ni njia ya kukubali, na kukubali ndiko kunakoleta mabadiliko.

Katika kona ya nyumba ya Bi Tuli alikuwepo pia mkalishwa wa bibi kizee, amefunikwa kanga hadi shingoni. Sikumwuliza habari zake.

Nilifuatana na Bi Tuli kuchota maji. Wanawake wengi walikuwa wanashuka bondeni na ndoo zao. Bonde lilikuwa kavu, mchanga mtupu na mawe meupe. Wakainama, wakachota hewa, wakajitwisha ndoo tupu na kupanda nazo huku wakihema na kushika viuno kana kwamba zimejaa. Mmoja alijifanya kumwaga kidogo, wenzake wakamcheka, "Ona huyo, anapoteza maji!"

"Mto umehama," nikamwambia Bi Tuli.

"Nyamaza. Baraza lilikaa likaamua haujahama."

"Sasa maji ya uji mnatoa wapi?"

"Nyuma ya kilima, kwenye mto ambao haupo."

"Nani anaenda kuchota?"

"Kila mtu. Lakini tunatembea kinyumenyume, ili mtu akituona aone tunarudi."

Alisema hivyo bila kutabasamu. Nami nikawaona kwa macho yangu, msururu wa wanawake wakipanda kilima kwa visigino, nyuso zao zimegeukia huku tuliko, hawajikwai, hawasemi.

Tuliporudi, mgeni alikuwa anatusubiri. Alikuwa mwanamume mnene mwenye sauti laini, Bwana Shikilia, Afisa Utulivu wa eneo lile. Alimsalimia kwanza mkalishwa, akamshika mkono, akamwuliza kama amelala vizuri. Ndipo akanigeukia.

"Mama mgeni, pole kwa yaliyokupata."

"Nashukuru, baba. Mume wangu amefariki."

Bi Tuli akaangusha kijiko. Bwana Shikilia akafumba macho kama mtu aliyepigwa na vumbi.

"Hilo neno hatulitumii, mama. Unakwenda wapi?"

"Mavumoni."

"Unamjua nani huko?"

"Simjui mtu."

"Kazi utaiweza?"

"Kulea ninajua. Kuajiriwa sijui."

"Hao watoto watakupenda?"

"Sijui, baba."

"Ukiugua, nani atakuuguza?"

"Sijui."

Akasogeza kiti karibu. Hakuwa mkali hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha. "Mama yangu, mtu mzima mwenye akili zake anaacha alipo, anakwenda mahali ambapo kila jibu ni sijui? Hapa Vilevile sheria ni moja. Mtu hatoki mpaka ajue yote ya mbele. Hatumfungi, hatumpigi. Tunamuuliza tu."

"Na wangapi wametoka?"

"Hakuna aliyewahi kuwa na majibu," akasema kwa fahari.

Maswali yale yalikuwa yangu. Niliyauliza mwenyewe nikiwa nakunja nguo zangu katika nyumba isiyo yangu tena, na nilipoyasikia kinywani mwa mtu mwingine, nikalikumbatia koti la marehemu.

Akalitazama koti nililolikumbatia. "Hilo ni lake? Tupe, mama. Tutamkalisha. Nyumba ipo, nzuri, ina dirisha linalotazama bonde. Ukimpakulia chakula akala, umekuwa mwenyeji. Hapo hakuna mtu atakayekuja kukuambia toa vyombo vyako. Milele."

Wasomaji ambao wametolewa vyombo nje watanielewa. Nikampa koti.

Wakati mafundi wanamshona Eliamini, niliomba kupelekwa kanisani. Bi Tuli akasema kanisa lipo, tena kubwa, na kila mtu anasali. Moyo ukapoa. Lakini tulipoingia nikaona madhabahu imefunikwa kitambaa cheusi, msalaba nao mweusi, na mbele, mahali pa kuhubiria, kumewekwa jiwe kubwa la duara, limeegemea ukuta wenye mwanya kama mlango wa pango. Wanawake walikuwa wameketi sakafuni na chupa za manukato mapajani.

"Leo ni Ijumaa Kuu?" nikanong'ona.

"Siku zote ni Ijumaa Kuu," akajibu.

"Na Jumapili?"

"Baraza bado linajadili."

Baraza la Jiwe lilikuwa limekaa pembeni, wazee waliovaa suti nyeusi. Nilisikiliza kwa utulivu. Hoja ilikuwa ile ile ya tangu mababu zao: nani atatuvingirishia jiwe?

Mzee wa kwanza alipendekeza kamba. Wa pili akasema kamba ikikatika jiwe litaviringika hadi kwenye viti vya kwaya. Wa tatu, aliyekuwa na kikohozi, akasimama.

"Ndugu wajumbe, tuseme tumelisukuma. Tuseme tumeangalia ndani. Je, tukikuta hayumo?"

Wanawake wakazikumbatia chupa zao.

"Tutakuwa tumemkalia nani matanga miaka yote hii?" akaendelea. "Mtu aliyelala tunamjua. Tunajua alipo. Aliyetoka, nani atasema ameelekea wapi, na kesho atatutaka tumfuate wapi?"

"Kweli kabisa," wakasema wenzake. "Hoja nzito hiyo." Wakaahirisha. Wanawake wakazifungua chupa, wakazinusa, wakazifunga, wakainuka kwenda nyumbani.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikawaambia neno. Sikusema kitu. Nilikuwa naona wanasema sawa. Hata mimi nilimtaka mtu ambaye najua alipo.

Njiani nilisikia mchakacho kila Bi Tuli alipokanyaga, kama mtu anayeburuta fagio.

"Una nini mguuni?"

Akainua kanga kidogo. Kifundo kilikuwa cha njano, kimekauka, na kisigino kilikuwa na nyuzi. Kati ya nyuzi zile vilichomoza vijiti vya nyasi.

"Inaanza chini," akasema. "Haiumi, dada. Ndiyo uzuri wake, haiumi kabisa. Mama yangu alianza hivihivi."

"Mama yako yuko wapi?"

"Si yupo pale kwenye kona? Umemkuta."

Tulipoingia nikaenda moja kwa moja hadi kwa yule bibi aliyefunikwa kanga. Nikainama. Shavu lilikuwa kitambaa, nyusi zilikuwa uzi, lakini jicho moja lilikuwa bado jicho, lina maji, na lilinitazama. Likapepesa mara moja, polepole sana. Nikarudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta.

"Amekusalimia," Bi Tuli akasema.

Basi wakaja kuniita. Eliamini alikuwa tayari.

Nyumba ilikuwa nzuri kama walivyosema. Pazia safi, vyombo vipya, dirisha linatazama bonde la mchanga. Na mezani, mgongo kwangu, alikuwa ameketi mume wangu.

Nilijua ni nyasi. Niseme wazi, nilijua. Lakini bega la kushoto lilikuwa limeshuka kidogo kuliko la kulia, kama lake. Nikazunguka mbele. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kiliishia kwenye kiungo cha kwanza, pale mtambo ulipokikata mwaka tuliooana. Mtu yeyote wa nchi ile sikumwambia habari ya kidole. Tena alinuka grisi na sabuni ya kufulia, harufu ya kurudi kwake kazini.

Nikaketi. "Eliamini," nikasema.

Upepo haukuwepo, ila nyasi zilichakarika ndani ya koti.

Majirani walikuwa wameandaa makande, chakula alichokipenda, sufuria inatoa mvuke katikati ya meza. Wao wenyewe walijaa dirishani na mlangoni, nyuso juu ya nyuso, na nyuso nyingine sikuweza kutambua kama ni ngozi au kitambaa. Bwana Shikilia alisimama mbele yao.

"Mpakulie, mama," akasema kwa upole.

"Mpakulie," wakaitikia. "Mpakulie, mpakulie."

Nikashika upawa. Nikachota. Nilikuwa nimechoka kuwa mjane. Nilitaka tu kumpakulia mume wangu chakula, halafu mtu asiniulize lolote tena. Nikataka kusogea karibu naye, ndipo nikagundua kwamba mguu wangu wa kulia hauna habari na mimi. Nikaukanyaga, haukusikia. Kweli, haukuuma.

Hapo niliomba. Halikuwa ombi la maneno mazuri. Nilisema, "Yesu, naogopa. Nikitoka hapa sijui ninakokwenda. Nikibaki najua, na ninachokijua ndicho hiki. Nisaidie."

Sikusikia sauti. Wanaosikia sauti siwapingi, mimi sikusikia. Nilichopata ni kukumbuka wale kinamama waliokwenda kaburini kwa Yesu alfajiri ile, ambao habari zao nimezisikia kila Pasaka tangu niko mtoto, hata nikazizoea. Waliamka na manukato yao. Walikuwa na swali lile lile la Baraza, nani atatuvingirishia jiwe, wala hawakuwa na mwanamume wa kuwasaidia wala kamba. Nao waliulizana huku wanatembea. Swali lilikuwa kubwa na jibu hawana, na miguu yao inakwenda. Kumbe miaka yote nilikuwa nasikia habari ya malaika, nikairuka ile ya njiani.

Nikamtazama Eliamini wa nyasi. Yule wa kweli nilimzika mimi. Nilitupia udongo kwa mkono huu, mchungaji akisema tunamlaza katika tumaini la ufufuo, nami nikajibu amina mbele ya watu. Nikimlisha huyu, ile amina ilikuwa ya nini?

Nikarudisha upawa kwenye sufuria.

"Eliamini amekufa," nikasema.

Majirani wakavuta pumzi kwa pamoja. Mtu akapiga yowe.

"Amekufa," nikarudia. "Nilimzika. Namngojea siku ile atakayofufuliwa. Hapa mezani simngojei."

Nikainuka kwa kushika meza. Nikamchukua mkalishwa chini ya makwapa. Alikuwa mwepesi jamani, mwepesi kama mzigo wa vijiti vya kuwashia moto. Nikamlaza sakafuni, nikamnyoosha mikono, nikamfunika uso kwa koti lake mwenyewe, kama tunavyofanya kwetu. Nikamwambia kwaheri mara ya pili. Ilikuwa ngumu kupita ile ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyeniuliza kama ninataka.

Kisha nikachukua mfuko wangu. Umati ukanipisha. Hawakunigusa. Walinitazama tu, na mchakacho wa miguu yao ukanifuata hadi barabarani.

Mpaka wa Vilevile, upande wa kutokea, ni ukungu. Umesimama wima kama ukuta mweupe, hauna mlango, na barabara inaingia humo na kuishia machoni. Bwana Shikilia alitembea pembeni yangu mpaka pale. Alionekana ana huzuni ya kweli.

"Kule ndani unaona nini, mama?"

"Sioni kitu."

"Ukitumbukia?"

"Sijui."

"Huogopi?"

"Naogopa sana, baba. Tazama mikono."

Akaitazama. "Sasa hiyo imani yako imekusaidia nini, kama bado unatetemeka?"

Nilifikiri kabla ya kumjibu, maana aliuliza kwa nia njema. "Imenisaidia kufika hapa," nikasema. "Na kule yuko aliyetangulia."

"Umemwona?"

"Sijamwona."

"Umejuaje?"

"Lile jiwe lenu, Bwana Shikilia. Lisukumeni siku moja. Hayumo."

Ndiyo mara ya kwanza nilimwona hana swali. Kisha akageuka akaanza kurudi, na nikaona kwamba nyuma ya shingo yake, juu ya kola, kulikuwa na mshono.

Nikaingia.

Ndani ya ukungu hata mkono wangu sikuuona. Niliinua mguu, nikautua, ardhi ikawepo. Nikainua mwingine. Sikuonyeshwa barabara, nilipewa tu mahali pa kutua unyayo mmoja, kisha mwingine, na kila mara kabla ya kutua nilikuwa naamini nitaanguka. Mguu wangu wa kulia ulianza kuchomachoma.

Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu. Anaburuta.

"Dada! Dada mgeni! Uko wapi?"

"Bi Tuli? Niko hapa. Fuata sauti."

"Mguu mmoja hausikii kabisa!"

"Tumia huo mwingine!"

"Nao ni nusu!"

"Basi tumia hiyo nusu, mwanamke, njoo!"

Nikamsikia anacheka na kulia kwa pamoja. Mkono ukapapasa hewani, ukanigonga usoni, ukashika kanga yangu. Ulikuwa mkono wa nyama, wa baridi.

"Mama nimemwacha," akasema. "Nimemwomba aje. Alipepesa jicho. Sijui alisema ndiyo au hapana."

Nikamshika kiganja, tukatembea.

"Huko Mavumoni kuna nini?"

"Kuna watoto."

"Wakitukataa?"

"Watakuwa wametukataa tukiwa tumefika."

Akaburuta hatua kadhaa. Kisha ghafla akapiga kelele, kelele ya mtu aliyekanyaga kaa la moto, akaniangukia begani.

"Nini, Bi Tuli?"

"Unauma! Mguu unauma, dada, unauma vibaya!"

Nikamkamata kiunoni. Tukasimama hivyo kidogo, uzito wake wote juu yangu, na alikuwa mzito kama mtu. Halafu tukaendelea mbele, yeye analia kwa maumivu, mimi naomba, na ukungu haujapungua.